Basi la Wapenda Polepole

Walikuja mwezi wa tano, wawili, wamebeba mabegi ya mgongoni yenye bei ya jokofu. Mwanamume aliitwa Aurélien, mwanamke Bérénice, wote wa Paris, na kazi yao, kwa maelezo yao wenyewe, ilikuwa kwenda polepole. Gazeti linawalipa ili wapande mabasi ya mashambani na treni ndogondogo, washuke kila mji wenye mnara wa kanisa, wanywe kahawa, halafu waandike kwamba wameiona Ufaransa ya kweli. Mimi nimeishi ndani ya hiyo Ufaransa ya kweli miaka sabini na ushei, na hakuna gazeti lililowahi kunilipia hata hiyo kahawa.

Naitwa Léone Vayssade. Nilishona glavu katika kiwanda cha Saint-Ambrouze tangu nikiwa msichana mpaka siku walipofunga lango. Kila aliyeonewa mle ndani jina lake nalikumbuka, na la aliyemwonea nalikumbuka zaidi. Shule niliacha mapema. Sheria nimejifundisha mwenyewe kwenye meza ya jikoni, huku viazi vinachemka. Wakubwa wa manispaa wakiniona naingia kikaoni huanza kutafuta miwani yao mifukoni.

Wageni hao walilala stesheni. Ndiyo, stesheni yetu. Reli waliing'oa huku wakituapia kwamba basi litatosha, njia yake wakaimwagia kokoto wakaiita njia ya baiskeli, na jengo wakamuuzia mtu wa Lyon aliyejaza vitanda. Dirisha ambalo baba yangu alinunulia tiketi akipelekwa vita vya Algeria siku hizi linatolewa jamu ya tini na mikate ya asubuhi. Aurélien alilipiga picha, akasema lina roho. Liwe nayo lisiwe nayo, baba yangu alirudi bila mguu.

Basi likabaki moja. Huondoka asubuhi uwanja wa kanisa, huzunguka vijijini, hufika Montclavel kabla ya saa sita, penye hospitali, soko na treni, kisha hurudi jioni. Dereva ni Kader, mzaliwa wa Montclavel. Mama yake nilishona naye benchi moja, na ulimi wake mwanawe kaurithi.

Sasa, mwoka mikate wa mwisho yuko Saint-Ambrouze. Duka la dawa liko Saint-Ambrouze. Huko vijijini hakuna kitu isipokuwa kengele ya kanisa, nayo inapigwa na umeme. Kwa hiyo kila asubuhi mwoka mikate alimpa Kader mifuko, duka la dawa likampa vifurushi, na Kader akawa anapunguza mwendo penye lango la kila mtu, honi mara mbili, mkono unatoka, mkate unaingia. Wenye mizigo na wenye magoti mabovu aliwapandisha hapohapo, si kituoni. Hakuna aliyeruhusu jambo hilo na hakuna aliyelitaja. Ndiyo maana lilidumu.

Aliyelihitaji kuliko wote ni Huguette Malbosc wa Combettes. Combettes ni nyumba tatu, na mbili ni za watu wa likizo, madirisha yamefungwa hadi mwezi wa saba. Mumewe Aimé yuko nyumba ya wazee Montclavel. Akili imemtoka, watoto wake hawajui, lakini kitu kimoja hajakisahau: kijiko hakipokei ila kutoka mkono wa Huguette. Wauguzi wamejaribu kwa kubembeleza, wamejaribu kwa kumkemea, anafunga mdomo kama mlango wa benki. Kwa hiyo kila mchana Huguette yuko pale kumlisha. Kituo halali cha basi kiko njia panda, mbali bondeni, kwenye barabara ya malori isiyo na hata ukingo wa kukanyaga, na nyonga ya Huguette ni ya bandia, ya chuma. Kader alimchukua langoni kwake. Basi, hilo tu.

Siku ile wapenda polepole walikaa kiti cha mbele kabisa. Kader alipopiga honi Combettes na Huguette akatoka na kikapu chake, Aurélien alisimama kabisa.

"Hapa ni kituo?" akauliza.

"Hapa ni lango," Kader akasema. "Kaa, bwana, usije ukabusu kioo."

"Lakini umesimama!"

"Nimesimama kwa sababu huyu mama si wa kurushiwa dirishani. Mkate ndio unarushwa."

Basi zima tukacheka. Huguette akapanda, akapumua, akaniambia, "Hawa nao ni akina nani, shoga?"

"Watalii wa umaskini wetu," nikamwambia, wala sikushusha sauti.

Bérénice alitabasamu kama mtu aliyesifiwa. Akamwomba Huguette amwonyeshe kilichomo kikapuni. Huguette, ambaye hana ubaya na mtu, akafunua: supu ya dengu, kitambaa, kijiko cha fedha cha harusi yao. Wakapiga picha. Wakampiga Kader picha akitoa mkate dirishani. Wakampiga na yule aliyetoa mkono langoni kuupokea. Mimi niligeuza uso nikaangalia ng'ombe.

"Bwana Aurélien," nikamwambia, "haya mambo usiyaandike."

"Kwa nini, mama? Haya ndiyo mazuri yenyewe!"

"Ndiyo hivyo. Yaache yalivyo."

Akaniwekea mkono begani. "Dunia inahitaji kujua kwamba polepole bado ipo."

Mtu wa namna hiyo huwezi kumwonya. Umemwonyesha kidonda, yeye anatafuta mwanga mzuri.

Gazeti lilitoka mwezi wa sita. Kurasa nne, karatasi ya kung'aa, kichwa chake "Basi Lenye Moyo". Jina la Kader lote, mpaka la ukoo. Huguette langoni na kikapu, chini yake wameandika kwamba katika bonde letu vituo ni vya wasiojuana. Mwoka mikate alilibandika dukani kwa fahari. Nilimwambia alibandue, akaniambia nina wivu.

Wiki haikwisha Kader akaitwa ofisini, makao ya kampuni. Mkuu wa huko alikuwa amelifungua hilo gazeti mbele yake. Alimuuliza kama anajua kwamba abiria akivunjika mguu mahali pasipo kituo bima hailipi. Alimuuliza dawa za watu anazibeba kwa leseni gani. Halafu wakafunga kidude ndani ya basi kinachoonyesha kila linaposimama, na wakamwambia: lango moja tu zaidi, uweke ufunguo wa basi mezani uende zako.

Asubuhi iliyofuata basi lilipita Combettes bila honi. Nilikuwa ndani. Huguette alikuwa langoni na kikapu, na Kader alikaza macho mbele kama anayeendesha jeneza.

"Kader!" nikamwita.

"Usiniseme, mama Léone. Nina wanangu watatu. Usiniseme."

Tukamwona anabaki nyuma, mdogo, bado kainua mkono.

Kuanzia hapo Huguette akawa anashuka njia panda kwa miguu. Siku nyingine aliwahi basi, siku nyingine basi lilimwacha, na siku moja lori la magogo lilimpuliza mpaka mtaroni, supu yote ikamwagika, akarudi nyumbani kubadili nguo huku Aimé amekaa Montclavel na mdomo umefungwa. Mzee alianza kukonda. Daktari wa pale alimwita Huguette, akamwambia kwa adabu zote kwamba hali ikiendelea hivyo watampitishia chakula kwa mpira tumboni, na atakuwa amefungwa mikono ili asiung'oe.

Aliniambia hayo jikoni kwangu, anakunja na kukunjua kitambaa.

"Amenifahamu jana," akasema. "Hakunitaja jina. Alifungua mdomo tu. Mimi hilo lanitosha, Léone. Wasinifungie mikono mume wangu."

Nikaandika kwa kampuni. Nikaandika kwa mkoa. Nikaenda kikao cha manispaa nikasema nataka nguzo ya kituo Combettes, chuma kimoja chenye kibao, hakihitaji mhandisi. Mheshimiwa diwani wa usafiri, Bwana Gontran Lespinas, alitafuta miwani yake, akaipata, akanieleza kwamba kituo kipya ni lazima kifanyiwe uchunguzi, na uchunguzi ni lazima upangiwe bajeti, na bajeti ni ya mwaka ujao. Huyu Lespinas ni mtoto wa yule Lespinas aliyetia saini kung'olewa kwa reli. Nilimkumbusha. Akaniambia tuangalie mbele.

Haya. Tukaangalia mbele.

Kwetu kiwandani tulikuwa na mgomo mmoja ambao wakubwa waliuogopa kuliko wa kuweka vifaa chini. Hukatai kazi. Unaifanya sawasawa na kanuni zao, zote, moja baada ya nyingine, mpaka kazi inajifia yenyewe. Ukigoma watakufukuza, ukitii watakufukuzia nini? Nikachukua kanuni za kampuni, zimebandikwa ndani ya basi nyuma ya dereva, nikazisoma njia nzima hadi Montclavel na kurudi. Kila abiria afunge mkanda kabla gari halijaondoka, na dereva ahakikishe. Kila abiria akatiwe tiketi. Dereva asimame kila kituo abiria anapoinua mkono. Na vituo halali tunavyo! Kipo cha kiwanda kilichofungwa, cha shule iliyofungwa, cha posta iliyofungwa. Vituo vya wafu vyote wametuachia; cha mtu aliye hai ndicho hawana.

Nikawakusanya wenzangu wa kiwandani, waliobaki. Kila mmoja nikampa kituo chake. Kazi yenu, nikasema, ni kuinua mkono, kupanda, kuketi, kushuka kituo kinachofuata.

Kader aliposikia alishika kichwa. "Mama Léone, utanimaliza."

"Umeambiwa ufuate kanuni?"

"Nimeambiwa."

"Basi fuata, mwanangu. Nani atakulaumu kwa utii?"

Akaanza kucheka, na nilijua nimempata.

Aliyekataa ni Huguette. "Na siku hiyo mimi nitafika saa ngapi?"

"Utachelewa kidogo. Siku moja, mbili, mpaka wasalimu amri."

"Na Aimé ale nini? Ale mgomo?"

"Shoga, tusipopigana atakula mpira."

Akasema, "Wewe Léone unapenda vita kuliko unavyowapenda watu." Akachukua kikapu chake akaenda. Lakini asubuhi ya mgomo alikuwa njia panda, amekaa juu ya jiwe la mpaka, akapanda bila kunisalimu.

Na nani mwingine alikuwa ndani? Wapenda polepole. Walikuwa wamerudi kula tena jamu ya dirishani, na sasa wanaiwahi treni ya Montclavel iwapeleke kwenye ile ya kasi ya Paris. Maana hawa watu hufika kwetu polepole, ila kuondoka huondoka kwa kasi.

Mwanzo Aurélien alifurahi. Kituo cha kiwanda akapanda bibi Paulette Crouzet na fimbo mbili, akainama kumtafutia Kader sarafu chini kabisa ya pochi. Kader akamkatia tiketi, akaondoka kwenye usukani, akamfuata mpaka kitini.

"Mkanda, bibi Paulette."

"Unanibana matiti, mwanangu."

"Kanuni haina matiti, bibi. Funga."

Basi likacheka. Aurélien akaandika kitu kwenye simu yake. Kituo cha shule, bibi Paulette akashuka, wakapanda ndugu wawili wa Bousquet wenye umri wa dunia, mmoja kiziwi.

"Anasemaje?" yule kiziwi akauliza.

"Anasema ufunge mkanda!"

"Nimfunge nani?"

Kituo cha posta, vilevile. Kituo cha kisima, vilevile. Nilimwona Aurélien ameacha kuandika, anatazama saa. Kisha anatazama dirishani. Kisha anamtazama Bérénice, ambaye naye ameacha kupiga picha.

"Samahani, dereva," akasema. "Hivi kila siku ni hivi?"

"Kila siku kanuni ni hizi."

"Mbona safari ile tulikwenda vizuri?"

"Safari ile nilikuwa nakosea, bwana. Nimesahihishwa. Wamenionyesha gazeti."

Sikuweza kujizuia. "Bwana Aurélien, tulia. Tazama ng'ombe. Si unapenda polepole?"

"Nina treni, mama!"

"Sisi tulikuwa nazo pia."

Uso wake ulibadilika rangi. Kituo kilichofuata, wakati Kader anakagua mikanda, polepole ikamwisha mwilini. Alitoa simu, akapiga kampuni, akajitaja jina lake na la gazeti lake, akapayuka basi zima lisikie: kwamba huu ni upuuzi, kwamba wazee wanacheza na basi, kwamba ataandika, ndiyo, ataandika, na safari hii hawatapenda. Alitaka mkuu. Akapewa mkuu. Sisi kampuni hiyo tumeipigia miaka na miaka tukiishia kusikilizishwa muziki; yeye alipewa mkuu kabla hajavuta pumzi.

Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwinamia Kader. "Kawia hapa kidogo. Wanasikia. Mara ya kwanza wanasikia."

Kader akaanza tena kukagua mikanda ya nyuma.

Hapo Huguette akasimama. Kikapu mkononi, ameshika kiti kwa mkono wa pili.

"Kader. Nenda."

"Shoga, dakika moja tu," nikasema. "Huyu mjinga anatupigania bila kujua."

"Dakika hiyo si yako, Léone. Ni ya mume wangu. Sasa hivi wamemkalisha mezani, amefunga mdomo, anatazama mlango. Kader, mwanangu, nenda."

Kader alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akarudi kwenye usukani, na basi likaruka. Hakusimama tena. Niliwaona askari wangu wakipita dirishani mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kituo chake nilichompa mwenyewe: Ginette wa idara ya kukata ngozi, mkono juu, mzee Sabatier, mkono juu, kisha ngumi juu, kisha tusi ambalo hata kiwandani sikuwahi kulisikia. Mgomo wangu wote ulibaki kandokando ya barabara ukinitukana.

Ukiingia Montclavel, njia inapita kwanza nyumba ya wazee, ndipo stesheni ya treni. Kader akasimama mlangoni kabisa, pasipo kituo, akashuka, akampokea Huguette kikapu, akamshika mkono mpaka ndani. Aurélien alikuwa anapiga kioo.

"Stesheni kwanza! Treni iko pale, naiona!"

Kweli ilionekana. Iliondoka tukiwa bado tunaiona.

Nilishuka nikamfuata Huguette. Ukumbini walikuwa wameshaondoa sahani, Aimé peke yake mezani, kitambaa kimefungwa shingoni, mdomo umekazwa. Huguette hakuomba chakula cha jikoni. Alifunua supu yake, haina hata moshi, akachota. Mzee akafungua. Nilibaki mlangoni. Sikuingia, hapakuwa na kazi yangu pale.

Sasa mtasema kampuni ilimwadhibu Kader kwa kuruka vituo. Nanyi hamwajui hao watu. Mkuu alikuwa amesikia jambo moja tu: mtu wa gazeti anachelewa. Kidude kilipoonyesha kwamba dereva aliruka vituo na kukimbia, wakampongeza kwa kuokoa muda, na kule kusimama mlangoni kwa wazee wakakufumbia macho. Na ili mtu wa gazeti asiandike, wakamuuliza Kader tatizo la njia hiyo ni nini hasa. Akawaambia, Combettes hakuna kituo. Ule uchunguzi, ile bajeti, ule mwaka ujao, vyote vilikwisha kabla ya Jumatatu ya pili. Wakaleta nguzo, wakachimba shimo, wakasimika. Bonde zima tulikuwa watu wasiosikika. Mpuuzi mmoja kakosa treni, nguzo ikaota.

Mheshimiwa Lespinas akaja kuizindua. Kuzindua nguzo! Kavaa mshipi wa rangi tatu za bendera, kaleta utepe na mkasi na mpiga picha, na asubuhi akachagua mwenyewe, saa ambayo mwanga ni mzuri. Mimi nilikwenda na hotuba yangu, maana nilijua yake haitataja reli. Huguette alisimama katikati yetu na kikapu, kwa sababu ndipo kituo kilipokuwa.

"Mama Malbosc," Lespinas akasema, "leo manispaa inakukumbuka wewe, mwananchi wa kawaida, ambaye kwa subira yako..."

Honi ikalia kwenye kona.

"Sogea kidogo, mheshimiwa," Huguette akasema. "Umeziba mlango."

"Mama, bado picha. Tumalize utepe, dakika mbili."

"Mchana nina mtu," akasema, akaupandisha utepe kwa kiwiko, akapita chini yake, akapanda. Nikamwita, "Shoga, na hotuba yangu?" Akanijibu kutoka ndani, "Msomee huyo. Ana nafasi." Kader akafunga mlango. Basi likaenda, likatuacha pale watatu kwenye vumbi: mheshimiwa na mkasi, mpiga picha, na mimi.

Lespinas akakunja mshipi wake, akaelekea kwenye gari lake. Lakini mlango wa dereva nilikuwa nimeshauegemea. Nikavaa miwani, nikaanza na mwaka ambao baba yake aling'oa reli.